Wanawake wa Gee's Bend: vipande vya mmoja, mshono wa wote

Mto Alabama, kusini mwa Marekani, hufika mahali ukajipinda na kuzunguka ardhi pande tatu. Ndani ya kona hiyo kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ingawa kwenye anwani za posta kinaandikwa Boykin. Wakazi wake ni Wamarekani weusi, mia kadhaa tu, na wengi wao, hata wasio ndugu wa damu, wanatumia jina moja la ukoo: Pettway. Jina hilo lilikuwa la bwana aliyewamiliki babu zao.

Kijiji hiki kimejulikana duniani kwa kwilti, yale mablanketi mazito yanayoshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa, zimechapwa kwenye stempu za posta za Marekani mwaka 2006, na wahakiki wa sanaa wameziweka safu moja na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Sifa hizo ni za haki kabisa. Hata hivyo, kila ninaposoma habari za kwilti hizi naona jambo moja linapitwa haraka mno, nalo ni namna wanawake hawa walivyokaa pamoja kuzishona. Mimi naamini ule mkusanyiko wao una uzito sawa na vitambaa vyenyewe, na kwamba bila huo uzuri tunaousifu usingekuwepo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwilti ina matabaka matatu. Juu ni uso wa vipande vilivyounganishwa. Chini ni kitambaa cha mgongo, na zamani hicho kilikuwa magunia ya unga au ya mbolea yaliyofuliwa na kupasuliwa. Katikati inalala pamba, na wanawake wa Gee's Bend waliokuwa hawana fedha za kununua pamba safi waliokota masalia sakafuni kwenye jineri, wakayachapa kwa fimbo mpaka vumbi likatoka na nyuzi zikalainika. Uso wa juu ni kazi ya mtu mmoja. Mama huutengeneza nyumbani kwake, mara nyingi usiku watoto wakishalala, akivitandaza vipande kitandani au sakafuni, akivitazama, akivipangua na kuvipanga tena. Mguu wa ovaroli ya mume, mkono wa shati, upindo wa gauni lililombana binti. Hapo hakuna wa kumwambia weka chekundu huku au kata kile kiwe sawa na hiki. Wapo wanaofuata mitindo inayojulikana kijijini, kama ule wa miraba inayozaliwa ndani ya miraba uitwao Housetop, au ule wa vipande vilivyopangwa kama matofali, Bricklayer. Na wapo wanaosema tu kwamba wameshona kwa njia yao.

Kazi ya pili ndiyo inayoita watu. Matabaka yale matatu lazima yashonwe yashikane, kwa mishono midogo midogo inayopita toka juu mpaka chini, maelfu kwa maelfu. Mtu peke yake ataifanya kwa muda mrefu na mgongo utamuuma. Wakikaa wanne au sita kuzunguka fremu ya mbao, kila mmoja na upande wake, inakwenda upesi. Nyumba zilikuwa ndogo, kwa hiyo fremu ilining'inizwa darini kwa kamba: wakati wa kushona inashushwa, usiku inapandishwa juu watu wapate pa kulala. Leo kwilti ya huyu, kesho ya yule, mpaka kila nyumba iwe na cha kujifunika kabla ya baridi. Baridi yenyewe ilikuwa ikiingia ndani bila hodi, kwani kuta zilikuwa za mbao zenye nyufa, zimebandikwa kurasa za magazeti ili kuzuia upepo. Watoto wengi walilala kitanda kimoja, kwilti chini na kwilti juu.

Watoto wadogo walikaa chini ya fremu. Walikuwa na kazi yao, kutunga nyuzi kwenye sindano za wakubwa ambao macho yao hayakuona vizuri tena. Ukiwa pale chini unaona kitambaa kimetanda juu ya kichwa chako kama dari, na ncha ya sindano inachomoza, inarudi, inachomoza tena kidogo mbele. Unaona ni mkono gani unakwenda kasi na upi unasitasita. Na unasikia kila kitu: nani ana mimba, nani anadaiwa dukani, mahindi ya nani yameliwa na ng'ombe, mume wa nani amerudi usiku wa manane. Kisha mmoja anaanzisha wimbo wa kanisani na wengine wanamdaka, na baada ya wimbo kunakuja maombi, na sindano haisimami. Wasichana waliojifunza kushona Gee's Bend wengi walijifunzia hapo kabla hata hawajashika mkasi.

Msomaji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki ameshawahi kuona jambo la aina hii. Kila mwanamke husuka ukili wake kwa mkono wake na rangi zake, barazani, huku mazungumzo yakiendelea, na mwishowe ukili ule unashonwa ukawa mkeka wa kulaza watu wengi.

Kuna siku nyingine iliyokuwa na maana kubwa, siku ya kuanika. Baridi ikiisha, kwilti zote zilitolewa nje zikatundikwa kwenye kamba na uzio zipigwe jua. Wanawake walitembea nyumba kwa nyumba wakitazama. Huyu amepata wapi wazo la kuweka ukanda mweusi pembeni? Yule amevunja mstari hapa makusudi au alipungukiwa kitambaa? Mtu anarudi kwake na wazo alilochukua kwa jirani, lakini vitambaa vyake ni vingine na jicho lake ni jingine, basi kitakachotoka ni kitu kipya. Ndiyo maana kwilti za kijiji hiki zinafanana kwa namna ambayo huwezi kuikosa na bado hakuna mbili zilizo sawa. Watu hupenda kuwaza kwamba msanii hupata msukumo akiwa amejitenga. Hapa msukumo ulitundikwa kwenye kamba ya jirani, na ulikuwa bure.

Pamba iliyojazwa katika kwilti hizo ina historia inayotugusa hata sisi wa huku. Mwaka 1816 mkulima aitwaye Joseph Gee alitoka North Carolina akaanzisha shamba la pamba kwenye kona ile ya mto, akiwa na watumwa. Mwaka 1845 shamba lilihamia kwa ndugu wa ukoo huo, Mark Pettway, kulipia deni, naye mwaka uliofuata akaja na watumwa wapatao mia moja ambao walitembea kwa miguu kutoka North Carolina mpaka Alabama. Ni katika miongo hiyo hiyo meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja na shehena ya kitambaa kilichoitwa merikani. Mtawala wa Unguja, Sayyid Said, alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikani ikaenea kutoka pwani mpaka bara, ikavaliwa na ikatumika kama fedha. Kitambaa hicho kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba ya majimbo ya kusini, pamba iliyovunwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, merikani ikaadimika Unguja. Jasho la watu wa aina ya akina Pettway liligusa miili ya bibi zetu bila wao kujuana.

Uhuru ulipokuja, watu wa Gee's Bend walibaki palepale wakilima kwa kugawana mavuno na wenye ardhi, na kila msimu ulianza kwa mkopo wa mbegu na chakula. Mwaka 1932 mfanyabiashara wa mji wa Camden aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akataka deni lote lilipwe. Watu wake waliingia kijijini wakabeba nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe, mahindi na viazi vilivyohifadhiwa, kutoka kwa familia zipatazo 60. Majira ya baridi yalikuwa yanaingia. Msalaba Mwekundu ulileta mgao wa chakula, la sivyo wengi wangekufa. Baadaye katika muongo huo serikali ya Rais Roosevelt ilinunua ardhi ile, ikajenga nyumba mpya na kuwauzia wakazi kwa masharti nafuu. Mpiga picha wa serikali, Arthur Rothstein, alifika mwaka 1937, na katika picha zake wanawake wa Gee's Bend wanaonekana wakishona kwilti.

Kwa kuwa sasa walikuwa na ardhi yao, hawakufukuzika kirahisi. Walipoanza kwenda Camden, ng'ambo ya mto, kujiandikisha kupiga kura, kivuko cha kuvuka mto kiliondolewa, mwaka 1962. Safari ya dakika chache majini ikawa mwendo wa karibu saa nzima kwa barabara, na wengi hawakuwa na gari. Kivuko hakikurudi mpaka mwaka 2006. Kabla ya hapo, Martin Luther King, kiongozi wa madai ya haki za watu weusi, alifika kuwahutubia mwezi wa pili mwaka 1965.

Mwishoni mwa mwaka huo huo kasisi mmoja mzungu, Francis X. Walter, aliyekuwa akikusanya taarifa za manyanyaso dhidi ya watu weusi, aliona kwilti zimeanikwa kwenye kamba ya nyumba moja akasimamisha gari. Mwenye nyumba alipomwona akakimbilia porini, na hakuna wa kumlaumu, kwa hali ilivyokuwa. Walter hakukata tamaa. Alirudi na watu waliojulikana, akanunua kwilti kwa dola 10 kila moja, akazipeleka New York zikauzwa kwa mnada. Machi 1966 wanawake zaidi ya 60 kutoka Gee's Bend na vijiji jirani wakaunda chama chao cha ushirika, Freedom Quilting Bee. Estelle Witherspoon alikiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Walijenga jengo la kushonea lililopewa jina la King, na walinunua ardhi ambako familia zisizo na ardhi zilizofukuzwa mashambani kwa sababu ya kudai haki zao zilipata kiwanja cha kujenga. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kitambaa cha kodroi, na mabaki ya kodroi hiyo, ya rangi ya chungwa na kijani, yakaingia kwenye kwilti za kijiji kizima. Ushirika ulifungwa rasmi mwaka 2012.

Nataka msomaji azingatie mpangilio wa mambo hapa. Wanawake hawa hawakuja kufahamiana ofisini, siku ya kuandika katiba ya chama. Walikuwa wamekaa fremu moja tangu utotoni, wanajua mkono wa nani unatetereka na nani anaweza kuaminiwa na fedha. Ushirika uliposajiliwa ulikuta urafiki umeshakomaa.

Ni lazima pia niseme kwamba siyo kila aliyeshona alikuwa na kundi. Loretta Pettway, aliyezaliwa mwaka 1942, ameeleza waziwazi kwamba hakupenda kushona. Ndoa yake ilikuwa ngumu, watoto walikuwa wanasikia baridi, hakuwa na wa kumsaidia, na nguo kuukuu ndizo alizokuwa nazo. Akashona peke yake. Kwilti zake ni miongoni mwa zinazosifiwa zaidi leo, na mwaka 2015 yeye pamoja na Mary Lee Bendolph na Lucy Mingo walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa. Ukizitazama utaona ukali na upweke fulani. Zinakuonyesha mtu anaweza kufika peke yake, na zinakuonyesha pia alilipa nini.

Na iko kwilti ya Missouri Pettway. Mwaka 1942 alikuwa mjane mpya. Alichukua nguo za kazi za mumewe, suruali na mashati yaliyochakaa magotini na viwikoni, akamwita binti yake Arlonzia amsaidie kuzipasua. Alimwambia atashona cha kumkumbukia baba na kujifunika kwa upendo wake. Kitambaa kile kina mabaka mahali jasho na jua vilipopitia, na alama za mahali mifuko ilipobanduliwa, ambapo rangi ya bluu imebaki imekolea. Kwilti nyingi za kijiji zilichakaa zikachomwa moto ili moshi wake ufukuze mbu. Hii ilihifadhiwa, na mama na binti walioishona wote wameshafariki.

Dunia iliwajua hasa baada ya mkusanyaji wa sanaa, William Arnett, kuona kwenye kitabu picha ya Annie Mae Young na kwilti yake iliyotandazwa juu ya rundo la kuni: katikati mistari ya kodroi inayowaka, pembeni jinzi iliyopauka. Alikwenda kumtafuta. Mwaka 2002 maonyesho yalifunguliwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, kisha yakaenda Makumbusho ya Whitney, New York. Wanawake walisafiri kwa basi kwenda kujionea, na kwenye kuta nyeupe wakakuta kazi za mama na shangazi zao, zile walizolala chini yake wakiwa watoto. Mmoja wao, Louisiana Bendolph, alikuwa ameacha kushona kwa miaka. Ameeleza kwamba akiwa safarini kurudi nyumbani alianza kuona kwilti kichwani mwake, moja baada ya nyingine, hazikumwacha mpaka alipokaa akashona. Wengine wengi pia walirudia sindano, na mwaka 2003 wakaunda kikundi chao kipya.

Fedha zilileta magomvi. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba hawakupata haki yao katika mauzo na matumizi ya kazi zao, na mwaka uliofuata kesi zikamalizwa kwa makubaliano. Sitaki kulipita hilo kimya kimya, kwa sababu kundi la kina mama lenye mikono hodari na lisilo na karatasi lipo kila mahali, na mtu anayenunua kwao huwa na karatasi.

Mikusanyiko ya kushona kwilti imeenea Marekani yote. Katika karne ya 19 majirani walialikana kumaliza kwilti ya bibi harusi, na jioni kukawa na chakula na ngoma. Leo kuna vyama katika miji mingi vinavyokutana kila mwezi, na kuna mtindo mmoja ninaoupenda sana: mtu anashona mraba wa katikati, anampa mwenzake anayeongeza ukingo wa kwanza, naye anampa wa tatu, mpaka mraba umerudi kwa mwenyewe ukiwa mkubwa na una mambo ambayo asingeyafikiria. Unatakiwa umwachie mwenzako kazi yako na usimwelekeze.

Lakini mkusanyiko mkubwa kuliko yote uliwakutanisha watu ambao wengi wao hawakujua hata kushika sindano. San Francisco mwaka 1987, wakati vijana walikuwa wanakufa kwa UKIMWI na serikali inanyamaza, mwanaharakati Cleve Jones na wenzake walianza kukusanya vipande vya kitambaa vyenye majina ya marehemu. Kila kipande kilikuwa na urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, kipimo cha kaburi. Walipata chumba cha duka, wakaazima cherehani, wakafungua mlango. Mama aliyekuja kumshonea mwanawe alikaa karibu na kijana aliyekuwa anamshonea mpenzi wake, watu wawili ambao barabarani wasingesalimiana. Wengine walileta suruali ya marehemu, wengine mwanasesere wa utotoni, na aliyejua kushona akamwongoza asiyejua. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja mkuu wa Washington na majina yakasomwa kwa sauti. Sasa vimefika karibu 50,000, na uzito wake wote ni tani 54.

Sisi wa Afrika Mashariki tulizika wengi miaka hiyo, na mara nyingi tulizika bila kutaja ugonjwa. Naisoma habari ya chumba kile cha San Francisco na kuwaza juu ya majirani wa mtaani kwetu ambao kila mmoja alilia ndani kwake, mlango umefungwa.

Turudi Alabama kwa neno la mwisho. Tangu mwaka 2022 watu wa Gee's Bend wanafanya tamasha kila Oktoba, kwilti zinaanikwa nje kama zamani na wageni wanakaribishwa kutembea nyumba kwa nyumba, kununua kwa mshonaji mwenyewe na kujifunza kwake. Ni jambo jema sana. Kwenye makumbusho, hata hivyo, kibandiko ukutani kwa kawaida kina jina moja, la aliyepanga vipande vya juu. Majina ya waliokaa kuzunguka fremu wakashona mpaka matabaka yakashikana, mengi yamepotea, na hayatapatikana tena.

Kama wewe msomaji ni mmoja wa kina mama wanaokutana kushona, kufuma au kudarizi, iwe uani kwa jirani, kanisani au kwenye madrasa, nakuomba jambo dogo. Kazi ikimalizika, kabla haijatoka mlangoni, igeuzeni upande wa nyuma na muandike tarehe, mahali na majina ya wote waliotia mkono, hata yule aliyetunga uzi tu.